Suruali ya Maua Mtaroni

Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Nikikuta unywele kwenye ugali, sili tena mpaka kesho. Ndoo ya maji naikagua ndani na nje kabla sijaiweka bombani. Mama hunitania akisema, "Semeni, hata malaika akija hapa utamwambia anawe miguu kwanza."

Tunaishi Ujiji, mimi na mama tu. Kila asubuhi nilifagia uwanja, nikateka maji, nikanywa uji, kisha nikampitia rafiki yangu Sia twende shule. Baba yake Sia ni bwana afya aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi, na kwao kila kitu kinang'aa. Njia yetu ilipita nyuma ya soko la samaki, penye mtaro ninaouchukia kuliko kitu chochote. Matumbo ya samaki, makapi ya mawese, pampasi za watoto, vyote vililala mle vikichacha kwenye maji meusi. Tulipita tumeziba pua, na Sia alitema mate mara tatu.

Mama alikuwa mwanikaji wa dagaa kule Kibirizi. Ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, kazi hiyo ikasimama. Siku moja akarudi amechangamka.

"Nimepata kazi, mwanangu! Tunasafisha mitaro ya soko kabla mvua hazijaanza."

Mtaro ule ule!

"Buti tutapewa," akaendelea, "ila Bwana Castory, msimamizi, amesema suruali kila mtu aje na yake. Nzito, siyo khanga wala dera. Mimi nakwenda kuandikisha jina. Wewe nenda kwa Isaka wa mitumba, mwambie akupe suruali ya kaki, nene, ya kazi."

Isaka hakunichelewesha. Alichomoa suruali moja kubwa, rangi ya tope, magoti yake yametiwa kitambaa cha pili juu ya kile cha kwanza. Kwenye paja ilikuwa na doa la mafuta, na yote ilinuka belo la mitumba. Niliishika kwa vidole viwili.

"Hii haifi, mdogo wangu," Isaka alisema. "Wanaopakia mizigo bandarini wote wanaitaka."

Nikamwona mama ndani ya dubwana lile, ameinama mtaroni, na Sia anapita anatema mate. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Pembeni ilining'inia suruali nyingine, nyeusi, laini, yenye maua mekundu.

"Nipe ile," nikasema.

"Ile? Ile ya kulalia!"

"Ndiyo niliyotumwa, kaka Isaka."

Nyumbani nikamwambia mama kwamba kaki zimeisha sokoni kote. Mama aliifikicha suruali ya maua kwa vidole, akaguna. "Haya, tutafanyaje. Ahsante kwa kunitafutia."

Kazi ilipoanza nilimwambia Sia tupite njia ya juu, ati kule kuna kivuli. Ilikuwa mbali zaidi na kivuli hakikuwepo. Jioni mama alirudi ananuka kupita maelezo. Nilimwekea maji uani na kukaa mbali mpaka amalize kuoga.

Siku ya pili suruali ilichanika gotini. Mama akaishona kwa mkono, lakini kitambaa kilikuwa kimeshalegea kwa maji, uzi haukushika. Siku ya tatu alipiga goti kuvuta gunia lililokuwa limekwama chini ya daraja la mtaro. Kipande cha bati kilichojificha kwenye tope kikapita kwenye ule mpasuko na kumkata. Alijimwagia maji, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Kwangu hakusema neno.

Nilijua baada ya siku mbili, na iliyonijulisha ni pua yangu. Nilikuwa nampelekea chai nikasikia harufu ya mtaro ndani ya chumba chetu, wakati mama alikuwa ameshaoga. Nikafunua khanga. Goti lilikuwa limevimba, limeiva, na usaha wa kijani ulikuwa unatoka pembeni ya kitambaa. Nilikimbia nje nikatapika.

Zahanati walimchoma sindano ya pepopunda na kumpa dawa. Muuguzi alikuwa mkali. "Kidonda kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa. Wiki nzima usikanyage tope. Na ukirudi, usirudi na hili pazia lako la maua. Unataka mguu ukatwe?"

Bwana Castory naye alituma salamu kwamba nafasi ya mama ataishikilia wiki hiyo moja tu, mpaka Jumatatu. Wanaoitaka walikuwa wengi.

Alasiri hiyo alikuja Mama Recho, mwanamke wa Kalinzi aliyekuwa akifanya kazi na mama mtaroni.

"Mwakeye, Mama Semeni! Ah, nimechanganyikiwa, nakusalimia Kiha cha asubuhi na sasa ni mchana." Alicheka, kisha akaiona suruali kwenye kamba. Aliinyanyua kwa ncha ya kidole, kama mimi nilivyofanya na ile ya kaki. "Ni nani alikuchagulia takataka hii?"

"Usimlaumu mtoto," mama alijibu. "Alizunguka soko zima, kaki zilikwisha."

"Kwa Isaka? Isaka hakosi kaki hata siku moja."

Wote wawili wakanitazama. "Siku ile hazikuwepo," nikasema. Mama Recho aliirudisha suruali kwenye kamba, akaaga.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuosha kidonda. Usaha ulishikamana na kitambaa, nikalazimika kukilowesha na kukibandua polepole, na harufu ikanipanda mpaka kwenye macho. Mama alinitazama nilivyokunja uso, akanishika bega.

"Najua unavyoona kinyaa, mwanangu. Unanihangaikia sana. Kwanza suruali, sasa hiki kidonda."

Afadhali angenichapa. Nikaanza kulia, kitambaa kichafu kikiwa bado mkononi.

"Mama, kaki zilikuwepo. Isaka alinionyesha. Niliikataa kwa sababu ilikuwa mbaya. Niliogopa Sia atatucheka."

Mama aliuondoa mkono begani mwangu. Aliutazama mguu wake, kisha akanitazama mimi. Katika maisha yangu sijawahi kujichukia namna ile. Uchafu wote wa mtaro haukunitia kinyaa kama nilivyojitia mwenyewe.

"Maliza kuosha," alisema. "Kisha uende kwa Mama Recho akufundishe kuchagua."

Pesa hatukuwa nayo. Nilichukua gauni langu la Idd, la bluu lenye vifungo vyeupe, nikamwomba mama ruhusa, naye akakubali kwa kichwa tu.

Kwa Isaka, Mama Recho hakutazama rangi ya nguo yoyote. Alitupa suruali tatu pembeni kabla sijavuta pumzi. Ile ya nne aliigeuza ndani nje. "Angalia hapa, katikati ya mapaja. Mshono mmoja, unapasuka ukichuchumaa. Miwili, inakaa. Sasa inyanyue kwenye jua. Ukiniona upande wa pili, iache."

Niliinyanyua. Sikumwona.

"Vuta kwa nguvu! Usiibembeleze." Nilivuta. Kisha yeye akaukamata uzi wa mshono kwa meno, akauvuta kama mtu anayekula muwa. "Uzi uliooza unakatika hapa hapa. Haya, wewe."

"Kwa meno? Mama Recho, hatujui ilivaliwa na nani!"

"Mama yako anapiga magoti ndani ya pampasi, na wewe unaogopa uzi?"

Nilifumba macho nikauma. Uzi ulikuwa na ladha ya vumbi na dawa ya mende. Ulikataa kukatika. Nilipofumbua macho nikaliona doa la mafuta kwenye paja. Ilikuwa suruali ile ile niliyoikunjia pua.

Isaka aliligeuza gauni langu, akakubali tubadilishane. "Safari hii ndiyo uliyotumwa?" aliuliza.

"Ndiyo, kaka Isaka. Na ile ya kwanza nilikudanganya. Nisamehe."

Jumatatu goti lilikuwa limekauka. Mama alivaa suruali ya kaki, akafunga mkanda wa kamba, akaondoka. Mimi nikampitia Sia, na nikamwongoza njia ya mtaroni. Tulipokaribia alikusanya mate.

"Usiteme," nikamwambia. "Mama yangu yumo humo."

Macho yakamtoka. Akayameza mate yake yote, jambo ambalo nalo lilinitia kinyaa. Kisha akaamkia, "Shikamoo, Mama Semeni!" na mama akajibu marahaba kutoka chini, tope mpaka kwenye mapaja.

Jioni nilifua suruali ile mwenyewe. Maji ya kwanza yalikuwa meusi, ya pili meusi, na magamba ya samaki yalinata kwenye vidole vyangu. Mama alikaa kizingitini akinitazama.

"Semeni," alisema, "nguo ya kazi unamchagulia anayeivaa, siyo wanaomtazama. Kinyaa chako sikilaumu. Kitumie kunawa na kufua. Ila kisikufanye uniongopee tena, maana uongo wako niliuvaa mimi."

"Nimesikia, mama."

Nilisuuza kwa maji ya tano, nikaigeuza ndani nje na kukagua mishono yote, mmoja mmoja. Hapakuwa na uzi hata mmoja uliochomoka. Bado ilinuka kidogo. Nikaongeza sabuni, nikaanza upya.