Kengele Upande wa Kajiado

Siku hiyo stima ilipotea Kitengela yote tangu asubuhi, na saluni bila stima ni chumba cha wanawake kulalamika tu. Nikafunga mlango, nikapakua githeri ya mahindi na maharagwe kwenye hotpoti, nikaenda kumtafuta ndugu yangu Koinet. Msidhani nilikuwa naenda kumbembeleza. Mimi Soipan si wa kubembeleza mtu, na siku hiyo nilikuwa nimejaa hasira hadi shingoni.

Koinet ni mdogo wangu, na tangu tumzike mama ndiye mtu wangu wa pekee. Kazi yake ni fundi wa stima. Miaka kadhaa iliyopita aliitwa kwa Mzee Munguti kurekebisha soketi, akarudi jioni akiniongelesha habari za treni, macho yakimwaka. Treni ya mikebe ya samaki, jamani! Huyo Munguti alikuwa Mkamba aliyezeekea kwenye reli, stesheni masta, na alipostaafu aliamua kuijenga reli yake upya juu ya meza, katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Alimfundisha Koinet yote: kukunja mikebe iwe mabehewa, kulehemu nyaya nyembamba, kungoja gundi ikauke bila kuigusagusa. Ndugu yangu asiyeweza hata kungoja chai ipoe! Niliwacheka sana, lakini kusema kweli nilifurahi. Baba yetu hakuwahi kumfundisha kitu ila kunyamaza.

Ile meza ilikuwa na stesheni mbili. Upande wa mzee ulikuwa Kajiado, alikofanya kazi. Upande wa Koinet ulikuwa Kitengela, stesheni ambayo mji wetu hauna, basi mzee akatupatia. Katikati alitundika blanketi kuukuu lenye mpasuko wa kupitisha treni, ili mmoja asimwone mwenzake. "Stesheni haziangaliani," alikuwa akisema. "Zinasikizana." Kila upande ulikuwa na kengele na swichi. Ukitaka kutuma treni unabonyeza mara tatu, kengele ya mwenzako inalia, unaomba njia. Mwenzako akirudisha tatu, amekupa njia na treni inakuja. Asiporudisha, treni haiondoki, hata ingekuwa imembeba rais. Na kulikuwa na sheria nyingine ambayo mzee aliishika kama amri ya kanisa: treni ikifika lazima ipakiwe kitu, hata kama ni punje moja ya mahindi, ndipo irudi. Haigeuki tupu.

Munguti alifariki mvua ya Aprili ikianza. Koinet hakulia kwenye mazishi. Alianza tu kwenda katika kile chumba, anakaa upande wake wa blanketi. Mwanzoni ilikuwa Jumapili, baadaye ikawa kila siku. Wateja wakawa wananipigia mimi simu. Akaacha kula, mashati yakamning'inia, na nyumba yetu ikawa kimya hadi nikaanza kuongea na redio. Nilijua nampoteza. Niliuita hasira, lakini ulikuwa woga.

Nilimkuta Ndulu, mjane wa Munguti, ameketi mlangoni pa jikoni akichambua maharagwe.

"Mama, habari ya leo?"

"Ni hivyo tu, mwanangu." Hakuniangalia. "Mtoe huko. Mimi siwezi kuingia. Kengele inalia."

"Si ni panya wanatafuna nyaya."

"Panya hawajui kulia tatu," akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Nje jua lilikuwa linachoma. Nikaingia kile chumba cha mabati nikitarajia joto la kupasua kichwa. Kulikuwa na baridi. Koinet alikuwa ameketi na mikono magotini, na nilipofungua hotpoti, mvuke ulipanda mwingi.

"Kula."

"Shh," akanong'ona. "Anaomba njia."

"Nani?"

Akaelekeza kidevu kwenye blanketi.

Kengele ikalia. Tatu.

Nikavuta blanketi nikachungulia. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya meza, wala hakukuwa na alama ya kidole. Treni ilikuwa imesimama stesheni ya Kajiado, injini ya mikebe na behewa moja nyuma yake. Nikaachilia blanketi.

Kengele ikalia tena. Tatu.

"Imeanza lini?"

"Tangu matanga. Sijawahi kumrudishia, naogopa. Lakini nakaa hapa, asidhani stesheni imefungwa." Akaitazama swichi. "Nimemkosa, Soipan. Hakuna mtu mwingine wa kuniongelesha."

"Na mimi je?"

"Wewe unanipigia kelele."

Hilo liliniuma, na mimi nikiumia huwa nawaka. "Aki Koinet, utakufa juu ya nyaya zilizogusana! Ni kengele tu. Ona!" Nikaishika swichi yake, nikabonyeza kwa kishindo. Moja, mbili, tatu. Kumwonyesha tu.

Akanigeukia polepole, midomo imempauka.

"Dada," akanong'ona. "Umempa njia."

Nilitaka kucheka. Ndipo nikakumbuka kwa nini nilikuwa nimefunga saluni. Hakukuwa na stima Kitengela yote.

Upande wa pili, injini ikaanza kunguruma.

Blanketi likatikisika pale kwenye mpasuko. Treni ikatokeza. Ilikuja taratibu, ikinuka mafuta na vumbi la moto, ikapita stesheni yetu ndogo, ikasimama mbele ya kifua cha Koinet. Haikugonga kitu. Ilisimama tu, ikingoja.

Koinet akatabasamu. Miezi yote ile sikuwa nimeona tabasamu lake.

"Nikamsalimie tu," akasema. "Narudi."

Akaweka kidole kwenye mlango wa lile behewa. Macho yakamlegea. Nikamkumbatia kutoka nyuma nimvute, na Mungu ni shahidi, alikuwa mwepesi. Nilivuta pumzi moja, akawa mwepesi zaidi. Nyingine, zaidi. Alikuwa anapakiwa.

Niliwaza kitu kimoja: haigeuki tupu.

Mfuko wa shati lake ulikuwa na bisibisi ndogo ya Munguti, ile mzee aliyomwachia, ambayo Koinet alikuwa akiibeba hata kanisani. Nikaichomoa. Nikaisukuma ndani ya behewa.

"Beba hii," nikanong'ona. "Huyu niachie. Tafadhali, Mzee. Sina mwingine."

Treni ilisimama. Ilisimama sana. Kisha ikaanza kurudi nyuma, ikaingia kwenye mpasuko, blanketi likatulia. Ngurumo yake haikuishia mwisho wa meza. Ilipita ukuta wa mabati, ikapita kiwanja, ikaendelea kufifia mbali kule hadi sikuisikia tena.

Koinet akapiga chafya. Akaangaza macho chumbani. "Soipan? Tunafanya nini humu? Niko na njaa mbaya." Akala githeri yote akaikwangua hotpoti, na mimi nikakaa pale sakafuni nikilia kwa furaha.

Alirudi kazini wiki hiyohiyo. Akanenepa, akaanza kunitania tena kuhusu kupika kwangu. Kanisani nilitoa ushuhuda wa uponyaji, ingawa sikueleza uponyaji wa nini. Mambo ya kile chumba sikumwambia mtu yeyote.

Jumamosi moja Ndulu akaja kwetu na maharagwe mabichi. Koinet ndiye aliyemfungulia. Siku zote alikuwa akimsalimu kwa Kikamba, mzee alimfundisha. Siku hiyo akamsalimu kwa Kimaa chetu, kwa adabu, kama anayemsalimu mgeni aliyepotea njia.

"Takwenya, yeyo. Unatafuta nani?"

"Wacha mchezo," nikamwambia. "Si ni Mama Ndulu, mke wa Munguti."

"Munguti gani?"

Nikamtazama usoni nikitafuta utani. Haukuwepo. Miaka yote ile ya mikebe na gundi ilikuwa imebaki nami peke yangu, mimi niliyekuwa naicheka.

Ndulu hakushangaa. Alimshika mkono wa kushoto, akakifungua kiganja. Hapo Koinet alikuwa na kovu refu la kuungua, la siku ya kwanza aliyofundishwa kulehemu. Sasa ngozi ilikuwa laini kabisa, mistari yote ya kiganja imepita bila kukatika. Ndulu alipapasa kwa kidole gumba, kisha akamrudishia mkono wake taratibu.

Koinet akaenda jikoni kutuwekea chai, akipiga mluzi. Ndulu akangoja hadi mlango ufungike. Akaniinamia sikioni.

"Soipan," akanong'ona, "siku ile niliisikia treni ikiondoka. Kwenye lile behewa ulipakia nini?"