Aliyeitika Horini

Maji ya mtungini yalikuwa na chumvi. Biasha aliyaonja, akayamwaga, akasuuza mtungi na kurudi kisimani, pale pale Nandagala walipochota jirani zake wote. Alipofika nyumbani, chumvi ilikuwa imerudi. Mumewe Harithi, aliyeingia jana yake kutoka pwani, aliyaonja naye. Ladha ile aliijua. Wiki nzima alikuwa akiilamba midomoni.

Mwaka huo wa 2008 Harithi aliongoza wageni wanaovua kwa kujifurahisha upande wa Lindi, kwenye mahori ambamo maji ya bahari huingia nyuma ya mikoko na kutulia kama bwawa. Kazi yake ilikuwa kujua samaki wanakuja wapi maji yakijaa na wanakimbilia wapi yakipwa. Wiki ile mgeni wake alikuwa Mzee Dickson wa Dar es Salaam, mstaafu mpole aliyetamani kolekole mkubwa. Mwanzoni walipata wadogo, kisha upepo ukachafua maji wakakosa kabisa. Siku ya mwisho Harithi alimwonea huruma mzee wa watu, akampeleka kwenye hori ambalo wenyeji huliacha.

Adinani, mwenye mtumbwi, aliwapeleka shingo upande.

"Hapa tunavua kimya," alisema kwa sauti ya chini. "Na mtu akiitwa, haitiki."

Mchana mshipi wa mzee ulikaza. Haukuvutwa kwa kishindo cha samaki; ulivutwa taratibu, kama mtu anavyomvutia mwenzake shuka kitandani. Harithi akaushika amsaidie. Ndipo kutoka mikokoni, nyuma yake, ikaja sauti ya mkewe: "Baba Kulthumu." Biasha alikuwa Nandagala, mbali kabisa na bahari. Lakini ulimi hauna subira.

"Naam," akaitika Harithi, na mshipi ukalegea.

Hakumsimulia mtu, mpaka mtoto alipoanza kubadilika. Binti yao Kulthumu alikataa maji mengine yote, akawa anayataka yale ya mtungini tu. Midomo ikapasuka, naye akaomba tena. Nyumba ikashika harufu ya matope ya mikoko, kali kama mayai viza, hata jua likiwa utosini na milango wazi. Kisha alasiri moja, Biasha akipepeta ufuta uani, alimsikia mumewe akimwita chumbani, akaweka ungo chini akaingia, na chumbani hamkuwa na mwanamume, alikuwamo Kulthumu peke yake, ameuelekea ukuta, midomo yake ikichezacheza, na mle kinywani mwa mtoto ilikuwa ikitoka sauti ya Harithi, nzito, isiyo na haraka, ikisema Biasha, Biasha, njoo unishike mkono.

Harithi alirudi kutoka shamba la korosho akamkuta mkewe barazani, amejikunyata.

"Umetuletea nini, Baba Kulthumu?" alimnong'oneza.

Akamweleza yote.

Walimbeba mtoto hadi Nambambo, kwa Bibi Lusiana, Mmakua aliyehamia toka Msumbiji na aliyejulikana kwa kutibu watu wenye majini. Kiswahili chake kilikuwa kichache. Alimnusa mtoto nywele.

"Wa maji huyu. Hajafuata nyumba, kafuata wewe. Uliitika?"

"Niliitika, bibi."

"Rudi palepale. Sema hukumwitikia yeye, uliitikia mkeo. Halafu ondoka. Mpaka barabarani, akuite nani, akuite nani, funga mdomo. Ukifungua, mtoto basi."

Harithi alipanda gari kupitia Nanganga mpaka pwani. Adinani peke yake ndiye aliyekubali kumsindikiza. Maji yalikuwa yamekupwa, wakaenda kwa miguu. Harithi aliyasema maneno yale, na maji ya hori yakatikisika bila upepo.

Wakageuka, Harithi mbele. Biasha aliita kwanza, akafuata Kulthumu akilia, akafuata mama yake Harithi ambaye alizikwa zamani, akimwita kwa jina la utotoni lisilojulikana na mtu mwingine aliye hai, na Harithi aliuma ukosi wa shati akaendelea kutembea huku maji yakianza kumpanda vifundoni, hata akasikia, "Harithi, ndugu yangu, nimezama. Maji yanajaa."

Ilikuwa sauti ya Adinani.

Alisimama. Bibi alikataza kuitika, hakukataza kurudi. Alirudi kimya, akaingiza mkono kwenye matope meusi, akashika mkono wa mtu. Ulikuwa na joto. Akavuta kwa nguvu zake zote. Kitu baridi kikamshika kifundo cha mguu, kwa upole, kama mtoto anayemzuia mzazi asisafiri, kisha kikamwachia.

Walipofika barabarani simu ikaita. Ni Biasha, analia. "Kaomba maji ya jirani, kayanywa. Kaniita mama, kwa sauti yake mwenyewe."

Harithi akakaa chini. Adinani alikuwa akijifuta matope.

"Nami nisingezama," alisema, "ni wewe uliyenipoteza. Mbona uliniita kule pembeni, kisha ukanyamaza?"

Harithi alimtazama. "Nawe ukasemaje?"

"Niseme nini? Nilikuitikia."

Gari la Nanganga likasimama, konda akafungua mlango. Harithi akalipungia mkono liende. Kisha akasogea karibu na Adinani, akaanza kumwelekeza, polepole, njia ya Nambambo, kwa Bibi Lusiana.