Miguu ya Senene

Kila Jumamosi, akishamaliza kumenya ndizi na kufagia uwanja, Kemilembe aliteremka kutoka Ijuganyondo hadi kituo cha vijana cha kanisa, Kahororo. Ulikuwa mwaka 1996, na kituo kilikuwa kimepewa kompyuta moja. Watoto waliingoja kwa zamu ili wajifunze kuandika programu.

Kompyuta hiyo haikuwa na kipanya. Kila kitu kilifanywa kwa vitufe. Mwalimu Anatolia aliwaeleza tangu siku ya kwanza: "Ukibonyeza i, unaandika. Ukibonyeza Esc, umeacha kuandika na sasa unaamuru. Hapo x inafuta herufi, na dd inafuta mstari mzima. Usipobonyeza Esc kwanza, amri yako itaandikwa tu kama maneno mengine."

Kemilembe alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Tatizo lake lilikuwa kinyaa. Zamu yake ilifuata ya Immakulata wa Kibeta, ambaye mama yake alikuwa amefariki kwa UKIMWI, ugonjwa ambao watu wengi waliuita Juliana. Kemilembe hakutaka kugusa alipogusa mwenzake. Basi alidonoa vitufe kwa kalamu ya risasi, pua ameikunja, huku mkono wa kushoto ukichota mfukoni senene wa kukaanga, wale panzi wanaoliwa. Senene wa kwao hawakuwa wamenyambuliwa vizuri, kwa hiyo aliwang'oa miguu, mabawa na vichwa kwa meno na kuvitema pale pale, kwenye pembe ya kibodi, karibu na Esc.

Jumamosi moja Esc iligoma. Kemilembe aliidonoa, akaandika dd ili afute mstari. Herufi zikajiandika katikati ya programu yake. Akadonoa tena kwa nguvu, zikaongezeka. Sisimizi akachungulia pembeni ya kitufe.

"Uchafu gani huu!" alipiga kelele. "Mwalimu, Immakulata ametuharibia kibodi! Ama atoke yeye, ama nitoke mimi. Sitaki kufa!"

"Kweli, Mwalimu, atoke," alidakia Projestus, aliyekuwa akingoja zamu yake, akisogeza kiti chake mbali.

Immakulata aliinuka. Alichukua daftari lake, akaelekea mlangoni.

"Immakulata, rudi ukae," alisema Mwalimu Anatolia. Alizima kompyuta, akachomoa kibodi, akatandaza gazeti mezani. Kisha akaipindua kibodi na kuigongagonga.

Yaliyoanguka hapo yanatia kichefuchefu hata kuyasimulia. Miguu ya senene, mabawa, vichwa vilivyoota ukungu, mafuta meusi yaliyoganda, na sisimizi wakikimbia huku na huku. Harufu ya uvundo ikajaa chumbani. Projestus akaziba pua.

"Nani hula senene hapa?" Mwalimu aliuliza.

Macho yote yalitua kwenye mfuko wa Kemilembe, uliolowa mafuta. Nyani haoni kundule. Kemilembe aliitazama ile miguu, na safari hii aliuonea kinyaa uchafu wake mwenyewe.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

Alipewa pamba na spiriti. Alisafisha kitufe kimoja kimoja, akijizuia kutapika. Alipomaliza alimgeukia Immakulata. "Nisamehe, mwenzangu."

Immakulata aliliweka daftari lake mezani. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini usinifukuze tena mbele za watu. Inauma."

Mwalimu akaiwasha kompyuta. Immakulata aliketi kwanza, akabonyeza Esc. Ikaitika. Kemilembe akaiweka kalamu yake mezani, akakibonyeza kitufe kile kile kwa kidole chake, kitufe kikiwa bado na joto la kidole cha mwenzake.

"Sikilizeni, wanangu," alisema Mwalimu Anatolia. "UKIMWI hauambukizwi kwa kushika kitu alichoshika mgonjwa, wala kwa kukaa naye kiti kimoja. Hata kama Immakulata angekuwa mgonjwa, angekaa hapa hapa. Kilichoambukiza leo ni maneno. Kemilembe aliyatema, Projestus akayaokota, na nusura mwenzenu apoteze nafasi yake. Kabla hujamwonea mtu kinyaa, tazama kwanza mikono yako. Haya, nendeni bombani mkanawe, nyote."

Wakatoka. Kemilembe na Immakulata walinawa kwa sabuni moja.