Sauti Chini ya Cherehani

Mvua zilipoanza, Mama Pindo alifunga madirisha yote ya chumba chake cha kushonea. Fundi wa magauni ya harusi hana mchezo na unyevu. Jiko la mkaa la kupashia pasi akaliingiza ndani. Mlango nao akaurudisha.

Hapo ndipo makubwa yalipoanza. Kichwa kilimgonga, mwili ukamlegea. Kisha akaanza kumsikia marehemu mama yake akimwita, taratibu, kutoka chini ya cherehani. Akienda sokoni, kichwa hupoa na sauti hunyamaza. Akirudi kushona, inaanza tena.

"Chumba hiki kina mtu," alimwambia binti yake, Chiriku. Jina hilo alipewa kwa kutofunga mdomo.

"Mama, tuhame!"

"Tuhamie wapi na magauni ya watu, mwanangu?"

Mchana mmoja jirani yao, mwalimu wa kemia, alikuja kujaribu gauni. Mama Pindo alimwomba asubiri barazani amalizie kupiga pasi. Chiriku akaidaka nafasi hiyo.

"Shikamoo, Mwalimu. Kusawazisha milinganyo kumenishinda, na mtihani ndio huo unakuja."

"Marahaba. Hebu tuone. Mkaa ni kaboni. Ukiungua kwenye hewa haba, tunapata hii."

Mwalimu akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika sakafuni: C + O₂ → CO.

"Oksijeni kushoto mbili, kulia moja," alisema Chiriku. Akachomeka 2 ndogo kule kulia, ikawa CO₂. "Sawasawa! Kwisha kazi."

"Weee! Hesabu umeiweka sawa, lakini hewa umeibadilisha. Namba ndogo ya chini haiguswi, ndiyo inayosema kitu ni kitu gani. Unaweka namba mbele tu."

Chiriku alifuta. Akaweka 2 mbele ya CO. Sasa kaboni zikapishana, moja kushoto, mbili kulia. Akafikiri, akaweka 2 mbele ya C.

2C + O₂ → 2CO

"Umeona? Hakuna kilichopotea, hakuna kilichozuka."

"Kwani hewa hizo zina tofauti gani?"

"CO₂ ndiyo tunayoitoa tukipumua. Hii CO inaua. Haina rangi wala harufu. Inazuia damu kubeba oksijeni. Kichwa kinauma, mwili unalegea, mwingine husikia hata sauti. Mwisho mtu analala, haamki."

Chiriku aliugeukia mlango wa chumba cha kushonea. Ndani kulikuwa kimya.

"Mwalimu, jiko liko ndani!"

Waliusukuma mlango. Mama Pindo alikuwa amelaza shavu juu ya gauni jeupe, akitabasamu.

"Bibi yako ananiita," alinong'ona. "Nimemwambia nakuja."

"Huendi popote!" Chiriku alilia.

Walimburuta hadi nje. Mwalimu akafungua madirisha haraka, akatoka. Kisha wakamkimbiza zahanati, akawekewa oksijeni. Jioni alimtambua binti yake, wakashikana mikono wakalia.

Tangu siku hiyo jiko linakaa nje, barazani. Madirisha yako wazi hata mvua ikinyesha, na magauni yamefunikwa kwa nailoni. Chiriku mtihani ameupita, na mlinganyo ule ameuandika kwa chaki juu ya mlango.

"Bado unamsikia Bibi?" alimuuliza mama yake siku moja.

"Hapana." Mama Pindo alisimamisha cherehani. "Nami nimemkumbuka mno, mwanangu. Sauti yake ilikuwa tamu."

Kisha akainuka, akalisukuma dirisha likafunguka zaidi.