Nafasi ya Sid

Blanketi lilikuwa limelowa, na jukwaa lote la treni kavu. Hilda Pruett alilikamua, maji ya udongo yakamchuruzika viganjani, yananuka gesi na ardhi iliyofukuliwa.

"Shoga, huyo Sid wako hata akiwa hayupo anakojoa kitandani!" alimtania Queenie, jirani yake wa pale jukwaani. Hilda hakucheka.

Mwezi uliopita bomu lilitoboa barabara juu ya kituo cha treni za chini ya ardhi cha Marlow Cross. Matope na maji yaliporomoka hadi kwenye reli, yakamfukia Sid aliyekuwa amekwenda kuchukua chai. Upande ule ukazibwa kwa matofali na treni zikakoma, lakini watu waliendelea kushuka kila jioni kujificha, London ikipigwa mabomu kila usiku. Kule chini sheria ilikuwa moja: palipotandikwa blanketi pana mwenyewe, hapakaliwi. Basi Hilda, ambaye hakuonyeshwa maiti wala kaburi, alimtandikia mumewe kila jioni kando ya ukuta ule mpya.

Jioni hiyo blanketi lilituna. Taa zikafifia. Hilda akasikia pumzi nzito, pumzi ya kifua kilichojaa tope, akasikia na kitambaa kikiburutwa taratibu kwenye saruji, na kila alipofumba macho kwa woga na kuyafumbua tena blanketi lilikuwa limesogea, mpaka likamfunika miguu Joan, mwanawe mchanga, aliyekuwa amelowa chepechepe, midomo imembadilika rangi, wala halii.

Alimnyakua akakimbilia ngazini kwa Bi Gossage, kikongwe aliyewazalisha wanawake wa mtaa mzima na kuwaosha maiti wao.

"Umelikaribisha mwenyewe, mwanangu," Bi Gossage alinong'ona, akimsugua mtoto kifua. "Hilo ni jini, bomu limelifukua. Limekuta nafasi inamsubiri mtu. Nenda kalikunje blanketi. Wewe, si mimi."

"Nikilikunja nimemzika Sid, bibi."

"Usipolikunja utazika wawili."

Hilda alirudi, akashika ncha ya blanketi. Lilikuwa zito kama gunia la mchanga.

"Kijiko changu," ikasema sauti ya Sid kutoka chini yake. "Nimefika. Mbona unanitoa? Huku baridi."

Jina hilo Sid alimwita chumbani tu. Hata Queenie hakulijua. Hilda aliangua kilio mbele ya watu, akakunja huku sauti ikimbembeleza, akakunja tena, mpaka blanketi likawa jepesi mikononi mwake. Kule ngazini Joan akapiga ukelele wa njaa.

Kabla hajajipangusa machozi, mwanamke mgeni alisimama mbele yake na mizigo na watoto wake.

"Dada, samahani. Hapa pana mtu?"

Hilda aliitazama saruji. Alikuwa amefukuza jini, au alikuwa amemfukuza mumewe. Hakujua, na hakuwepo wa kumwambia.

"Hapana mtu, dada," alisema. "Tandika."