Abonema ya Bella

Kila asubuhi Bella alianza siku kwa kupangusa vumbi. Nyumba yao ilikuwa Muganza, kando ya barabara ambayo malori ya mawe na saruji hupita kutwa nzima, na vumbi la kijivu halikuacha kitu. Liliingia kwenye migomba, kwenye nguo zilizoanikwa, hata kwenye masufuria yaliyofunikwa. Bella alipangusa meza, akachemsha maji, akampelekea baba yake chai mlangoni, kisha akavaa sare na kwenda shule. Mama yake, Dative, saa hizo alikuwa ameshaondoka zamani kwenda kupalilia mpunga katika mashamba ya watu kule Bugarama.

Baba yake, Cassien, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja. Siku moja alipokuwa akibadilisha gurudumu, jeki iliteleza na chuma kikamponda mguu wa kulia. Mifupa iliunga, lakini kidonda kilichobaki karibu na vidole kilikataa kupona. Daktari alimwambia kuwa ana ugonjwa wa sukari, na kwamba kidonda cha mtu mwenye sukari hulindwa kama mtoto mchanga: kisafishwe kila siku, na kila baada ya majuma sita akaonwe hospitalini.

Aliyekisafisha ni jirani yao Vénantie, mjane aliyekulia Bukavu mtaa mmoja na Cassien kabla familia zao hazijarudi Rwanda. Zamani alifanya kazi ya usafi katika zahanati, akajifunza huko kuosha vidonda. Kila siku saa nne alifika na beseni lake. Ndiye pia aliyepeleka simu ya Cassien kwa ajenti kutoa pesa, kwa sababu Cassien hakuweza kushuka hadi barabarani. Cassien alimpa simu, akamtajia na namba ya siri, wala hakumuuliza zaidi.

Bella alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa na mchezo mmoja wa video. Baba yake alimnunulia Bukavu, wakati miguu yake bado ilikuwa mizima: kimashine cha mkononi kilichotumika, chenye mbio za magari ndani yake. Kilinunuliwa mara moja, basi. Hakikuhitaji intaneti wala malipo mengine. Bella alicheza mpaka akajua kila kona ya barabara zake, na alipokwisha kuzijua zote, akakichoka.

Shuleni, rafiki yake Umutoni alimcheka.

"Wewe uko na magari yale yale mpaka leo? Mimi niko na michezo mia moja kwenye simu ya Maman. Ni abonema. Haununui hata mumoja. Unalipa kidogo, yote inafunguka."

"Kidogo ni ngapi?"

"Wiki ya kwanza ni bure."

Neno lile, bure, lilimfuata Bella mpaka nyumbani. Alasiri hiyo baba yake aliposinzia kitini, alichukua simu yake, akatafuta huduma aliyotajiwa. Picha za michezo zilijaa kioo chote. Kwanza simu iliomba namba ya simu, kisha ikaomba namba ya siri ya pesa. Bella alisita. Kama ni bure, namba ya siri ni ya nini? Lakini aliijua, ulikuwa mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa, na vidole viliandika kabla hajamaliza kujiuliza.

Juma lile alicheza kama mtu aliyefunguliwa ghala. Alionja mchezo huu, akaurukia ule, hakumaliza hata mmoja. Siku ya nane ujumbe uliingia: faranga elfu mbili na mia tano zimekatwa kwa ajili ya abonema. Alifuta ujumbe, kisha akaondoa michezo yote kwenye simu, akadhani yamekwisha.

Juma lililofuata, pesa zilikatwa tena.

Bella alimwendea Umutoni wakati wa mapumziko. "Niliitoa kwenye simu. Kwa nini inaendelea kukata?"

"Kutoa mchezo si kukata abonema," Umutoni alisema. "Lazima ukatae kulekule ulikokubali. Yangu Maman aliikata juzi, alikasirika sana. Na michezo yote imefungwa, hata ule nilikuwa nimefika mbali. Kama vile sijawahi kucheza."

"Aliikata namna gani?"

"Sijui. Alienda kwa ajenti."

Ajenti wa karibu alikuwa Muhire, kijana aliyekaa chini ya mwavuli penye kituo cha mabasi, na alimfahamu Cassien vizuri. Kumwendea kulikuwa sawa na kumwendea baba. Bella hakwenda. Alijifunza siku ambayo ujumbe huingia, akawahi kuufuta. Hivyo pesa zikakatwa mara tano kwa jumla.

Cassien hakujua lolote. Mwenye lori alikuwa amemtumia faranga elfu ishirini za matibabu, na humo alitoa elfu tano tu za sabuni na bandeji. Siku moja kabla ya miadi ya daktari aliomba simu aangalie salio. Aliangalia, akaangalia tena. Kilichobaki hakikutosha nauli na dawa.

Jioni hiyo Dative alimkuta Vénantie penye bomba la maji, watu wakiwa kwenye foleni na vidumu vyao.

"Vénantie, siku ile ulienda kwa ajenti, ulitoa ngapi?"

"Elfu tano, Maman Bella. Nilimupatia Cassien mukononi."

"Na zile zingine, zaidi ya elfu kumi, zilienda wapi?"

Foleni yote iligeuka kuwatazama. Vénantie aliweka kidumu chini taratibu.

"Unasema mimi ni mwizi?"

"Sijasema. Niko nauliza. Ile simu inashikwa na bantu babili tu, yeye na wewe."

Bella alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alijua kuwa wanaoshika simu si wawili, ni watatu. Alitazama maji yakimwagika pembeni ya kidumu chake kilichojaa, asifunge bomba.

"Nimeosha mguu wa bwana yako miezi mitatu," Vénantie alisema, na sauti yake haikupanda. "Sijakuomba hata kipande cha sabuni. Kuanzia leo mutafute muntu mwingine."

Alichukua kidumu chake kitupu, akaenda zake.

Tangu siku hiyo beseni la saa nne halikuonekana tena. Dative alitoa kilichobaki kwenye simu, akanunua vidonge vya sukari, na safari ya hospitali ikaahirishwa mpaka atakapolipwa shambani. Kidonda alikisafisha mwenyewe jioni, akiwa amechoka na mikono imejaa tope la mpunga chini ya kucha, na siku nyingine alilala kabla ya kukifikia. Bella alipojaribu kufungua bandeji, baba yake aliuma meno na kumwambia aache.

Kwa Vénantie mambo hayakuwa mema pia. Wanawake waliokuwa wakimtuma sokoni waliacha kumtuma. Aliyekuwa akimpa nguo za kufua akatafuta mwingine. Jumapili kanisani Bella alimwona ameketi peke yake kwenye benchi la mwisho, ambalo kwa kawaida hujaa. Kila siku Bella alijiambia kuwa leo atasema. Kila siku ilipopita, kusema kulikuwa kugumu kuliko jana, maana sasa angepaswa kueleza hata kwa nini jana alinyamaza.

Baada ya majuma mawili, Bella alitoka shule akamkuta baba yake kitini, anatetemeka ingawa jua lilikuwa kali. Cassien alimwita binti yake kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani. Harufu iliyotoka mguuni ilijaza mlango wote. Bella alipiga magoti akafungua bandeji. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi.

Alimpigia mama simu, haikupokelewa. Akakimbia kwa Vénantie.

Vénantie alikuwa nje, akichambua maharage kwenye ungo. Hakuinuka.

"Papa yako ndiye amekutuma?"

"Hapana, Tante. Papa anatetemeka, hanitambui. Vidole vyake vimekuwa vyeusi." Kisha yakatoka yote kwa mkupuo. "Na zile pesa, si wewe. Ni mimi. Ni abonema ya michezo, ilikuwa inakata kila wiki. Nilijua siku ile penye bomba. Nilinyamaza."

Vénantie aliacha kuchambua, akamtazama. Uso wake ulikuwa mgumu, na Bella aliona wazi kuwa mwanamke yule angeweza kubaki palepale na maharage yake, wala hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akaweka ungo chini.

"Hayo tutayasema," alisema. "Twende."

Alipouona mguu, alipiga simu kituo cha afya, akamlaza Cassien, akamlowesha paji la uso mpaka gari la wagonjwa lilipofika na kumpeleka hospitali. Kesho yake madaktari walikata vidole vitatu. Walimwambia Dative kuwa Cassien angechelewa siku mbili tatu zaidi, wangekata mguu wote kuanzia gotini.

Bella alimweleza mama yake ukweli palepale kwenye ukumbi wa hospitali. Alingoja kofi, halikuja. Dative aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa kitenge.

"Nilimwita mwizi mbele ya bantu bote," alisema ndani ya kitenge. "Na wewe ulikuwa nyuma yangu."

Siku iliyofuata walikwenda wote wawili kwa Muhire. Ajenti alisikiliza, akabonyeza simu hapa na pale, akawarudishia.

"Imekatika. Ilikuwa inangoja pesa zingine ziingie ili ianze tena."

"Ni hivyo tu?" Bella aliuliza.

"Ni hivyo tu. Dakika mbili. Ungekuja siku ya kwanza, tungefanya hivihivi."

Bella alirudi nyumbani akiwaza zile dakika mbili.

Jioni, saa ya foleni, alisimama penye bomba pamoja na mama yake. Vénantie alikuwepo, nyuma ya wengine wote. Bella alisema kwa sauti: "Tante Vénantie hakuiba. Pesa za Papa nilizipoteza mimi kwa michezo ya simu. Nilisikia akisingiziwa, nikanyamaza."

Mwanamke mmoja alifyonya. Mwingine akauliza, "Na vidole vya Papa yako je?" Dative alimwendea Vénantie, akamwomba msamaha mbele ya wote waliosikia lile neno la kwanza. Vénantie alijaza kidumu chake mpaka juu, akakifunga.

"Nimesikia," alisema. "Cassien akirudi, nitakuja saa nne."

Cassien alirudi baada ya majuma matatu, akitembea kwa mkongojo. Lori hangeliendesha tena. Mwenye lori alimpa kazi ya kusimamia upakiaji, kazi ya kukaa kitini, yenye mshahara mdogo, lakini ni kazi. Vénantie alikuja kama alivyosema. Mazungumzo yake na Dative yalikuwa bado machache, ya salamu na ya dawa, ila siku ya Jumapili Bella aliwaona wameketi benchi moja. Siku za shule Vénantie alisafisha kidonda mwenyewe. Jumamosi alimkabidhi Bella kitambaa na kumwelekeza: anza pembeni, usirudishe kitambaa kichafu palipo safi, usikwepeshe macho.

Jumamosi mojawapo, Bella akiwa amepiga magoti mbele ya ule mguu, aliuliza bila kuinua kichwa, "Papa, utanisamehe?"

"Nilikusamehe hospitalini," Cassien alisema. "Lakini vidole havitarudi, na sitakudanganya kwamba haviniumi. Wakati mwingine vinaniuma hata mahali havipo."

Alisogeza mkongojo kando, kisha akaendelea.

"Sikiliza, mutoto wangu. Mchezo si dhambi. Kulipia abonema pia si dhambi, kama muntu anazo pesa, anajua analipa nini na anajua namna ya kuikata. Lakini kitu ulichonunua, hata kikiwa kimoja na cha zamani, ni chako, kinakungoja. Kitu cha kukodi kinadai kila wiki, ukicheza usicheze. Usiweke namba ya siri kwenye kitu ambacho hujakielewa, na usiweke namba ya muntu mwingine hata siku moja."

"Ndiyo, Papa."

"Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Uongo nao ni abonema. Wiki ya kwanza ni bure, unaona hakuna kilichotokea. Halafu unaanza kulipa. Nililipa mimi, akalipa Vénantie, akalipa mama yako. Kuufuta moyoni hakusaidii. Lazima urudi kulekule ulikouanzia, useme mwenyewe. Fanya hivyo siku ya kwanza, wakati bei bado ni ndogo."

Vénantie, aliyekuwa akikunja bandeji safi kando yao, alitikisa kichwa kukubali. "Ushike hilo, Bella," alisema, akampa bandeji.

Bella aliipokea kwa mikono miwili, akaanza kufunga mguu wa baba yake, polepole, kama alivyofundishwa.