Dramu za Baba Shani

Mfufuanyimbo aliwasha taa zake, akamwamkia Bi Tatu Kilongola shikamoo, kisha akawasimamisha mbele yake marehemu wanne na vyombo vyao.

Hawakuwa mizimu. Walikuwa wanamwanga, watu waliosukwa kwa miale. Mtambo huu, Mfufuanyimbo, ndio uliokuwa fahari ya jiji la Morogoro mwaka ule wa 2091. Ulilishwa rekodi za studio za zamani, ukasikiliza kila chombo peke yake, halafu ukawapigisha wanamuziki albamu yao upya bila kosa hata moja, kana kwamba wote walilala vizuri, wakala wakashiba, na hakuna aliyechelewa mazoezini. Kwa watu wa dansi, hilo la mwisho peke yake ni muujiza.

Bi Tatu ndiye pekee aliyebaki hai katika Bendi ya Mindu. Alishapita miaka themanini, lakini ulimi wake ulikuwa haujazeeka hata kidogo. Asubuhi hiyo alikuja Hazina ya Sauti na kanga mpya, tayari kuweka dole gumba. Mhandisi Namsifu Mbwambo, binti aliyeuunda mtambo huo, alimweleza sheria taratibu: Hazina inatunza nakala moja tu ya kila albamu. Mwimbaji akiweka dole, albamu mpya inaingia, na ile ya zamani inafutwa pamoja na rekodi zake zote za studio. Ikishafutwa, imekwenda.

"Futa, mjukuu wangu," Bi Tatu alisema. "Kile kitu kimeniaibisha ujana mzima."

Alikuwa na sababu. Katika albamu yao, *Vumbi la Kihonda*, dramu zilikuwa zinakimbia. Wimbo unaanza kwa raha zake, watu wamekumbatiana, mara dramu zinashika mbio, na bwana harusi anaanza kuruka kama aliyekanyaga siafu. Na mpiga dramu hakuwa mtu baki, alikuwa mumewe, Baba Shani. Miaka yote ya ndoa Bi Tatu alimuuliza alikuwa anafukuzwa na nani. Baba Shani alikuwa akicheka tu, kisha anaomba chai.

Basi wakaanza na albamu mpya. Ilikuwa tamu, jamani, tusidanganyane. Sauti ya Bi Tatu ya ujanani ilitoka safi kabisa, na kama ilivyo desturi ya waimbaji wa dansi, aliwataja wenzake kwa majina kila zamu zao zilipofika ili wapande mori. Alimtaja mpiga besi. Alimtaja Mzee Ngwilizi wa tarumbeta. Zaidi ya wote alimtaja Doto Sindano wa gita la solo, kijana mtanashati aliyepiga pasi mpaka kamba za viatu. Mumewe tu ndiye hakutajwa. Mama mkwe alikuwa hai wakati huo na redio yake haizimwi, na mke kulitaja jina la mumewe kavukavu mbele ya nchi nzima kungemrudisha kwao siku hiyohiyo.

"Sasa huu ndio muziki," Bi Tatu alisema. "Baba Shani leo katulia."

Akanyoosha dole. Namsifu, ambaye alikuwa ameupa mtambo huo miaka yake mizuri, alitamani sana alishike yeye mwenyewe alikandamize. Lakini sheria ilidai mlinganisho kwanza: zisikilizwe zote mbili, na mtambo ueleze kila ulichobadilisha. Kwa hiyo rekodi za zamani zikapigwa, na Mfufuanyimbo akaeleza kwa adabu zote. Hapa ameondoa kikohozi. Hapa ameondoa mlio wa kiti. Hapa amenyoosha dramu.

Bi Tatu aliguna kwamba hapo kazi ilikuwa kubwa, kunyoosha albamu nzima.

"Si nzima, Bibi," mtambo ulisema. "Huyu bwana anakwenda sawasawa. Anakimbia pale tu unapomtaja Doto Sindano. Gita likinyamaza, anarudi mwendo wake."

"Nikimtaja Mzee Ngwilizi je?"

"Hakimbii."

Mzee Ngwilizi alikuwa na meno matatu na wajukuu kumi.

Mtambo, ambao haukufundishwa kunyamaza, uliongeza kwamba hata kwenye mazungumzo ya studio, kila baada ya wimbo, sauti ya mpiga dramu inasikika ikishauri gita lifupishwe.

Bi Tatu akakaa chini. Maisha yake yote alimlalamikia Baba Shani kwamba hana wivu. Siku moja kwa hasira alimwambia kwamba hata mkewe akiibwa pamoja na kitanda chake, yeye hatajua. Baba Shani akajibu kwamba kitanda angekikosa. Alikufa hivyohivyo, na Bi Tatu akamzika akiamini hakupendwa sana. Sasa moyo ulimuuma, na kicheko nacho kilikuwa kinamtoka palepale, vyote kwa pamoja.

Aliuliza kama anaweza kuongeza neno kwenye albamu mpya. Namsifu akafurahi, akampa kinasasauti. Wimbo wa mwisho ulipokolea, yule bibi akasimama, akajaza kifua, akaliita jina la mumewe:

"Kibwana! Kibwana wangu, twanga!"

Mwanamwanga wa dramu hakuinua hata jicho. Aliendelea kupiga vilevile, sawasawa kabisa.

"Mbona haitiki?" Bi Tatu aliuliza.

"Samahani, Bibi," mtambo ulisema. "Nimetafuta kwenye rekodi zote. Hakuna mahali alipotajwa. Sijui angepigaje."

Namsifu akatazama sakafu. Bi Tatu akalifunga dole lake kwenye pindo la kanga, akapiga fundo.

"Huyu kijana wenu anapiga vizuri kuliko mume wangu," alisema. "Mtafutieni mke. Mimi nirudishieni wangu."

Namsifu alijaribu kumbembeleza. Alimkumbusha watu wataendelea kuiteta albamu ile, na mabwana harusi wataendelea kuvunjika viuno. Bi Tatu akamjibu kwamba viuno si vyake. Mwishowe mhandisi alishusha pumzi, akawazima wanamwanga wake wazuri mmoja baada ya mwingine, akarudisha rekodi za zamani, na vikohozi vyake na viti vyake.

Sauti ya msichana ikamwita Doto Sindano. Gita likaingia, na nyuma yake dramu zikaanza kukimbia. Bi Tatu alicheka huku machozi yakimtiririka.

"Polepole, Kibwana," alisema. "Siendi naye popote."

Dramu hazikumsikia. Zikazidi kukimbia.